Shajara ya faili la mke: kutoka Lamu hadi Gigiri, mwezi wa 1 hadi wa 20

Mke yuko Langoni, kisiwani Lamu. Mume ni raia wa Marekani na anaishi huko. Ndoa ilifungwa Lamu miezi 4 kabla ombi halijapelekwa. Mke anaombewa viza ya kwenda kuishi na mumewe. Njia ya faili ni fomu I-130, ombi la mume kwa ajili ya mkewe, kwenye USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani. Kisha NVC, kituo cha taifa cha viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Kisha ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi. Miezi inahesabiwa tangu siku ombi lilipopokelewa.

Kila ingizo linaandika saa ya nani inayotembea. Kuna kuchelewa kwa foleni, ambako hakuna mkono wa mtu Lamu unaokufikia. Kuna na kuchelewa kwa karatasi iliyozeeka, jina lililopishana herufi moja, au upande wa nyuma wa cheti ambao haukupigwa skani. Huku kwa pili ndiko kunakouma, kwa sababu kulizuilika.

Kabla ya mwezi wa 1: majina, tarehe, picha

Vyeti vyote vilitandazwa meza moja: kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule. Jina lilisomwa kwa sauti, herufi kwa herufi, kutoka kila karatasi. Kazi hii ilikula asubuhi nzima na haikupotea bure. Mafaili ya Lamu hukwama hapa kuliko pengine popote. Mohamed wa kitambulisho ni Muhammad wa cheti cha nikahi. Fatma ni Fatuma. Cheti cha ndoa kina "binti" katikati na pasipoti haina. Jina la tatu mahali pamoja ni la babu, pengine ni la ukoo. Mtaani mtu ni yule yule na hakuna anayeuliza. Kwa afisa anayesoma faili ng'ambo, hao ni watu wawili mpaka aoneshwe kwamba ni mmoja.

Tulichoshika ni hiki: pasipoti ndiyo msingi, na ndani ya pasipoti ni ile mistari miwili ya chini yenye alama za <, inayosomwa na mashine. Fomu zote zimefuata mistari hiyo. Umbo jingine lolote la jina limeingizwa penye nafasi ya majina mengine yaliyowahi kutumika, na hati ya kiapo imeapwa mbele ya kamishna wa viapo ikitaja kila umbo na karatasi lilimo. Lakini kiapo hueleza tofauti tu, hakirekebishi cheti. Tarehe ya kuzaliwa ikipishana kati ya cheti na pasipoti, dawa ni kusahihisha karatasi yenyewe kwa aliyeitoa, na hilo lifanywe kabla ya I-130 kwenda, wala si baada.

Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na tatizo lake. Wengi waliozaliwa visiwani mikononi mwa mkunga walisajiliwa wakiwa wakubwa, walipohitaji kitambulisho au pasipoti. Kisheria Kenya, usajili unaofanywa baada ya miezi 6 tangu kuzaliwa ni wa kuchelewa, na tarehe ya usajili huonekana kwenye cheti. Afisa akiona mtu kazaliwa 1995 kasajiliwa 2017, anataka ushahidi wa zamani zaidi. Kwa hiyo viliambatishwa kadi ya kliniki ya utotoni, cheti cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kiapo cha mama mzazi. Asiye na kadi ya kliniki atafute rejista ya shule ya msingi. Walimu wakuu huweza kuandika barua ikiwa daftari la zamani bado lipo.

Halafu tarehe ya nikahi. Hapa patazamwe kwa makini, kwani kosa lenyewe ni dogo na kulieleza ni kazi. Nikahi ilisomwa baada ya Isha, Alhamisi. Kwa hesabu yetu siku huanza magharibi, kwa hiyo ule ni usiku wa Ijumaa, na tarehe ya Hijria iliyoandikwa ni ya Ijumaa. Aliyejaza tarehe ya Kizungu akaitafsiri Hijria moja kwa moja, akaandika Ijumaa. Picha za simu zinasema Alhamisi. Siku moja hiyo ilinyooshwa kwa maelezo mafupi, aya moja, yaliyotiwa saini na aliyesomesha nikahi. Yalipatikana kwa sababu alitafutwa mapema, wakati bado anaikumbuka shughuli.

Cheti chenyewe kiwe cha usajili wa serikali. Nikahi ya nyumbani au msikitini iliyobaki kwenye karatasi ya mwalimu tu inatosha mbele ya Mungu na mbele ya jamii, ila haifungui faili. Ni lazima isajiliwe. Kwa Lamu na kwa Malindi pa kuanzia ni mahakama ya Kadhi. Talaka ni vivyo hivyo. Kama mmoja aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka iliyosajiliwa, au cheti cha kifo, inatakiwa kwa kila ndoa iliyopita, na tarehe ya talaka itangulie ndoa mpya. Pakiwa na talaka ya mdomo iliyosajiliwa miaka baadaye, Kadhi aombwe aandike wazi siku talaka ilipotoka na siku iliposajiliwa. Afisa anayeona tarehe ya usajili peke yake atadhani ndoa ya pili ilifungwa ya kwanza ikiwa hai.

Jambo ambalo watu wa pwani hawalijui mpaka limewafika: sheria ya uhamiaji ya Marekani haimtambui mume au mke wa ndoa ambayo wawili hao hawakuwa pamoja, ana kwa ana, wakati wa kuifunga, ila kama baada ya hapo walikutana kimwili kama mke na mume. Nikahi ya simu, au ya mume aliyemweka wakili akiwa ng'ambo, imo humo. Hata nikahi yetu ya kawaida, bwana harusi msikitini na walii wake bibi harusi, bibi harusi mwenyewe nyumbani, inaweza kuzusha swali. Hatukusubiri liulizwe. Ziliambatishwa pasi za kupandia ndege za uwanja wa Manda, mihuri ya pasipoti ya mume, na risiti za nyumba waliyokaa wiki 3 baada ya harusi. Aliyeoa kwa wakili arudi nyumbani akae na mkewe kwanza, ndipo apeleke I-130.

Picha za harusi zilichaguliwa na mke mwenyewe pamoja na mamake. Zilitosha 14. Hakuna iliyotoka kwenye kupamba, shughuli ya wanawake, wala iliyoonesha wanawake wengine waliokuwa wazi. Mafaili haya husomwa na wanaume wasiojulikana, na heshima za watu wa harusini si mali ya faili. Nikahi, chakula cha wanaume, mume na mke wakiwa na wazee wa pande zote mbili, na safari ya baadaye ya Shela: hizo zinatosha. Nyuma ya kila moja iliandikwa mahali, tarehe na nani ni nani.

Picha za pasipoti ni inchi 2 kwa 2, mandhari meupe, zisizozidi siku 30 tangu kupigwa, bila miwani. Mtandio wa dini unaruhusiwa. Uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji, na kivuli cha mtandio kisiangukie shavu. Studio moja ilizisafisha picha hizo kwa kompyuta mpaka ngozi ikang'aa kama ya sanamu. Zikarudiwa.

Mwezi wa 1: I-130 imekwenda

Mume ameipeleka kwa intaneti. Ada tangu Aprili 2024 ni dola 625 kwa intaneti na 675 kwa karatasi. Arifa ya kupokelewa, I-797C, ina nambari ya herufi 3 na tarakimu 10. Hii inaanza na IOE. Nambari imeandikwa mahali pane, pamoja na daftari la mama mkwe.

Fomu I-130A ni ya mke: anwani na kazi za miaka 5. Akiwa nje ya Marekani inatakiwa ipelekwe, ila si lazima aitie saini. Anwani ya Lamu ilileta kazi maana nyumba hazina namba. Iliandikwa mtaa, kisha sanduku la posta na 80500, na ikarudiwa vile vile bila kubadilisha neno katika kila fomu. Nafasi ya kuandika jina kwa hati ya asili iliachwa; Kiswahili kinaandikwa kwa herufi za Kirumi, na kuongeza herufi za Kiarabu hapo ni kujitafutia tahajia ya tano.

Kisanduku kimoja kilikaguliwa na watu watatu: mahali mke atakapoombea viza. Jibu ni Nairobi. Anayeweka kwa makosa kwamba mke atabadilishia hadhi ndani ya Marekani, faili lake hukaa USCIS hata baada ya kukubaliwa, na kulitoa ni ombi jingine, I-824, lenye ada yake na foleni yake.

Mwezi wa 2 hadi wa 8: foleni

Saa ya USCIS. Hali ya faili inasema limepokelewa. Siku moja ikageuka kusema linashughulikiwa, na simu zikalia Langoni nzima. Maneno hayo hayatabiri chochote. Hata faili ambalo halijaguswa huweza kuyaonesha.

Mke wa raia ni jamaa wa karibu kisheria, hana foleni ya idadi ya viza. Mke wa mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu asiye raia, ni tofauti: yumo kundi la F2A na hutazama taarifa ya viza ya kila mwezi. Mume wa namna hiyo akipata uraia katikati ya safari, faili la mke hupanda daraja, lakini watoto waliokuwa wakisafiri chini ya jina la mama hutoka ndani ya faili hilo. Jamaa wa karibu hawana wafuasi, na kila mtoto anahitaji I-130 yake. Familia iliyosahau hilo hupata viza ya mama bila ya mtoto. Na mtoto wa kambo anahesabika ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18.

Mwezi wa 7, Kaskazi ikivuma, mume alikuja kwa wiki 2. Zimehifadhiwa tiketi, pasi za ndege, risiti za boti na picha 6 mpya. Ushahidi wa uhusiano haukomi siku ya kupeleka ombi. Afisa wa Gigiri ataangalia miezi ya kusubiri kuliko anavyoangalia siku ya harusi. Rekodi za fedha zinachapishwa kila robo mwaka, kwa sababu simu hupotea baharini na taarifa za zamani huwa ngumu kupatikana. Mazungumzo ya simu hayachapwi yote. Orodha ya simu zilizopigwa kwa kila mwezi, kurasa mbili, inasema zaidi kuliko kurasa 300 za salamu.

Watu wa mtaa huanza kumuuliza mke, "Kwani hakutaki?" Liliandikwa karatasi moja la Kiswahili kwa ajili ya wazee wa pande zote mbili: faili liko wapi, nini kimefanywa, kwa nini mume hawezi kuliharakisha. Likasomwa mbele ya baba mkwe. Kazi hii imo ndani ya mradi sawasawa na fomu. Ndoa inaweza kuvunjwa na maneno kabla viza haijatoka.

Na madalali. Anayesema ana mtu wake ndani atakayelisogeza faili kwa shilingi kadhaa, awe Lamu, Malindi au Mombasa, asipewe pesa wala nambari ya faili. Ushauri wa sheria hii hutolewa na wakili mwenye leseni ya Marekani au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali yake. Kuangalia hali ya faili ni bure.

Mwezi wa 9: ombi la ushahidi zaidi

Saa imerudi kwetu. USCIS wanataka tafsiri ya upande wa nyuma wa cheti cha ndoa. Upande huo una maandishi ya Kiswahili na muhuri wenye Kiarabu, na saiba iliyopiga skani ilipiga mbele tu, pamoja na ukungu wa upande wa pili uliopenya karatasi. Kwa hiyo afisa aliona kuna maneno na hakuyapata.

Muda ulioandikwa kwenye barua ni siku 84. Jibu huenda mara moja tu, vitu vyote pamoja. Anayetuma nusu huhesabiwa amemaliza, na faili huamuliwa kwa nusu hiyo. Tafsiri iliandamana na tamko la mfasiri: kwamba ni kamili, ni sahihi, na kwamba yeye anazijua lugha hizo vya kutosha kufasiri, jina, saini, tarehe. Muhuri pia ulifasiriwa. Jibu limeondoka siku ya 19. Wengine hushauri kungoja ili kukusanya zaidi. Hapa lilitakiwa jambo moja, na kila wiki iliyongojwa ingekuwa yetu wenyewe.

Tangu siku hiyo kila karatasi hupigwa skani pande zote mbili hata kama nyuma ni tupu.

Mwezi wa 13

USCIS hutangaza muda ambao asilimia 80 ya mafaili ya aina moja humalizika, pamoja na tarehe ambayo ikishafika mtu anaweza kuuliza. Kabla ya tarehe hiyo kuuliza hakusaidii. Faili lilipoivuka, mume alituma swali, na wiki mbili baadaye akaenda ofisi ya mbunge wake wa Kongresi, akatia saini fomu ya kuruhusu taarifa zake zitolewe. Huduma hiyo haina malipo. Mbunge hawezi kuamuru faili likubaliwe. Anaweza kuuliza, na swali lake hujibiwa kwa maandishi. Hatua iliyobaki baada ya hapo ni kesi katika mahakama ya shirikisho ya kuitaka idara itoe uamuzi. Kesi hiyo hulazimisha jibu, na jibu linaweza kuwa hapana, hivyo faili lenye mashimo lisipelekwe huko.

Kuharakishwa kuna vigezo vyake, kama hasara kubwa ya fedha au dharura ya kibinadamu, kwa vielelezo. Upweke na muda mrefu, kwa masikitiko, havihesabiki. Hatukuomba.

Mwezi wa 14: I-130 imekubaliwa

Familia ilisherehekea, na ni haki yao. Waliambiwa pia kwamba hii ni ruhusa ya kuomba viza, viza yenyewe bado.

Mwezi wa 15: NVC

Barua pepe imefika na nambari mpya inayoanza na NRB, pamoja na nambari ya ankara. Ada mbili: dola 325 za ombi la viza na dola 120 za hati ya udhamini. Hulipwa kutoka akaunti ya benki iliyoko Marekani, hivyo aliyeko Lamu hawezi kuzilipa mwenyewe. Fomu hazifunguki mpaka malipo yaonekane yamepokelewa.

Tahadhari imebandikwa ukutani: faili lisikae NVC mwaka mzima bila mawasiliano yoyote. Usajili wake unaweza kufutwa na ada zikapotea. Kuingia kwenye akaunti kunahesabika, lakini tarehe ya kila kuingia inaandikwa hapa ili pasiwe na ubishi.

Mwezi wa 16: DS-260 na udhamini

DS-260, fomu ya ombi la viza lenyewe, inauliza anwani zote tangu umri wa miaka 16, na simu, barua pepe na majina ya mitandao ya kijamii ya miaka 5. Ilijazwa kwanza kwa kalamu, kurasa 9 za daftari, mbele ya mama na dada mkubwa, kwa sababu mwaka wa kuhama kutoka Mkomani hadi Langoni hakuna aliyeukumbuka mpaka walipouhusisha na mwaka wa kuzaliwa mtoto wa jirani. Majibu yamelinganishwa na I-130A mstari kwa mstari. Ikishatumwa haibadilishwi bila NVC kuifungua tena.

Udhamini, I-864, ni wa mume. Kipato chake kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya Marekani. Kwa nyumba ya watu wawili, 2024 ilikuwa dola 25,550; 2025 ilikuwa dola 26,437. Mwaka huo wa 2025, watu watatu ilikuwa 33,312 na wanne 40,187. Hesabu ya nyumba inamjumuisha mume, mke, wote wanaomtegemea mume katika kodi, na yeyote ambaye mume aliwahi kumdhamini na bado udhamini uko hai. Kusahau mtoto wa ndoa ya kwanza anayeishi na mamake lakini akadaiwa kwenye kodi ni kosa la kawaida.

Kipato kikipungua, mali huziba pengo. Mke wa raia anahitaji mali ya mara 3 ya pengo: pengo likiwa dola 4,000, mali iwe 12,000. Iwe inaweza kugeuzwa fedha ndani ya mwaka mmoja. Hapo nyumba za Lamu hupata taabu, maana nyingi ni za urithi wa watu wengi au hazina hati ya umiliki. Rahisi zaidi ni mdhamini wa pamoja, raia au mwenye kadi ya kijani, anayeishi Marekani, miaka 18 au zaidi, aliye tayari kujaza I-864 yake na kubeba wajibu wa kisheria. Aelezwe uzito huo kabla ya kutia saini; haufutwi na talaka.

Kodi ithibitishwe kwa nakala ya rekodi kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani, ambayo ni bure, badala ya karatasi alizojaza mhasibu.

Mwezi wa 17: cheti cha tabia njema

Hiki hakikuchukuliwa mwezi wa 1 kwa makusudi. Polisi wakikitoa, hesabu yake ya miaka 2 huanza, na foleni ya USCIS ingekula zaidi ya nusu. Ombi ni kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, shilingi 1,050, kisha alama za vidole.

Alama za vidole zinahitaji maandalizi. Mikono inayofua, kukuna nazi na kupara samaki kila siku huwa na ncha zilizolika. Wiki 3 kabla, mafuta kila usiku, glavu wakati wa kufua, na piko isiguse ncha za vidole hata pakiwa na harusi. Mke alikataa kutiwa kwenye harusi ya binamu yake, na bibi zake walielezwa sababu.

Aliyewahi kuishi nchi nyingine mwaka mmoja au zaidi akiwa na miaka 16 kwenda juu, analeta na cheti cha polisi cha huko. Wanaorudi kutoka kazi za Ghuba ndio hasa wanaoguswa, na kukipata ukiwa Lamu huweza kuchukua miezi. Mke huyu hakuishi nje.

Skani ya kwanza ilirudishwa: ukingo wa chini ulikatwa na nusu ya muhuri ikapotea. Iliporudiwa, faili liliingia tena mwisho wa foleni ya ukaguzi. Karatasi ilazwe na kingo zake nne zionekane, na mtu wa pili aifungue kwenye kompyuta nyingine kabla haijatumwa.

Mwezi wa 18: makaratasi yamekamilika

Barua imefika. Wenyewe huiita DQ. Tarehe yake ndiyo nafasi ya faili katika foleni ya Gigiri, kwani miadi hupangwa kwa kufuata tarehe hiyo kadiri ubalozi unavyotoa nafasi.

Mwezi wa 19: kujiandaa bila kutangulia

Uchunguzi wa afya haufanywi sasa. Kwa kawaida hudumu miezi 6, na viza haiwezi kuishi zaidi yake. Aliyekwenda mapema hupewa viza yenye wiki chache, au hupimwa upya kwa gharama yake. Hufanywa Nairobi, kwa madaktari walioteuliwa na ubalozi tu, barua ya miadi ikishafika.

Lakini kuna kitu cha kufanya: kadi za chanjo zimetafutwa, na pakiwa na kikohozi kisichokwisha kitibiwe sasa. Mwenye miaka 15 au zaidi hupigwa picha ya kifua. Ikionekana dalili ya kifua kikuu, makohozi hukusanywa siku 3 na kuoteshwa maabara, na majibu ya kuotesha huchukua hadi wiki 8. Mjamzito aseme mapema, kabla ya picha.

Safari imepangwa kwa njia mbili. Ndege kutoka Manda, au boti hadi Mokowe na basi. Mvua kubwa zikinyesha, Tana hufurika na barabara ya upande wa Garsen huweza kukatika. Kwa hiyo anayepita nchi kavu awe Nairobi siku 3 kabla ya uchunguzi wa afya. Vyeti halisi vinasafiri ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa, mkononi, wala si kwenye mzigo wa buti. Nakala seti mbili.

Wanaorudishwa dirishani mara nyingi hupewa karatasi ya 221(g), maana yake kuna kinachokosekana au uchunguzi unaendelea. Kinachotakiwa kimeandikwa humo, na muda wa kukileta ni mwaka 1. Anayeipokea asiondoke na neno "subiri" peke yake. Asome kisanduku kilichotiwa alama akiwa bado pale.

Mwezi wa 20

Miadi bado. Ukurasa wa ratiba wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani umeangaliwa leo, na akaunti ya NVC imefunguliwa.

Ndoa imetimiza miaka 2 mwezi huu. Kwa hiyo mke akiingia Marekani ataingia kwa daraja la IR1, na kadi ya miaka 10. Kabla ya leo ingekuwa CR1, kadi ya miaka 2 yenye masharti, na fomu I-751, ombi la kuondoa masharti hayo, katika siku 90 za mwisho wake. Viza ikichapishwa CR1 kwa makosa, amwambie afisa wa mpakani Marekani kabla hajagonga muhuri. Ada ya kadi, dola 235, italipwa viza ikishatoka.

Yanayozeeka, kwa mpangilio wake: rekodi ya kodi ya mume, ambayo baada ya Aprili 15 itatakiwa ya mwaka mpya, kiwango cha kipato, kinachotangazwa upya kila mwaka, cheti cha tabia njema, kimebakiwa na miezi 21, pasipoti, ambayo lazima iwe na zaidi ya miezi 6 siku ya kuingia, ina miaka 4. Mume ameombwa hati 6 za mshahara za karibuni. Picha za pasipoti zitapigwa barua ikifika.

Ukaguzi ujao ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi, asubuhi, kabla umeme haujakatika.